Bahasha ya Kaki: Pa Kugonga Hodi kwa Aliyetolewa Jeshini kwa Bangi

Mabasi ya Mbeya na Dar es Salaam yanapopunguza mwendo Mafinga, wachuuzi huyakimbilia madirishani na mahindi ya kuchemsha, na abiria wachache hupanda. Mara mojamoja miongoni mwao yumo kijana mwenye kipara cha kuruta na tranka la bati begani, miezi kadhaa kabla ya wenzake kumaliza. Konda hana maswali naye. Maswali yako nyumbani, ambako mama aliyeuza magunia mawili ya mahindi ili mwanawe aende kambini na raba mpya atamsalimu “kamwene”, atalitazama lile tranka, kisha ataiona bahasha ya kaki yenye barua ya kumwondoa.

Nyanda za Juu Kusini jeshi ni jirani. Mafinga ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kikosi cha 841 KJ. Itende, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, ipo 844 KJ. Mbalizi wapo wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wa 44 KJ. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, baada ya kusitishwa mwaka 1994, wahitimu wa kidato cha sita wamekuwa wakiitwa kambini kila mwaka, na wengine huingia kwa kujitolea wakiwa na tumaini la kupata ajira ya kudumu. Wanaotolewa kabla ya muda kwa sababu ya bangi au heroini ni wachache, lakini kila mmoja ana ukoo mzima unaouliza swali lilelile: karatasi hii inabadilishwaje?

Jibu la kweli ni chungu kidogo. Tanzania haina bodi inayokaa kupitia namna askari alivyoondoka jeshini na kumpandishia daraja la kuondoka kwake. Anayesema ipo anataka fedha. Milango ya kugonga, hata hivyo, ipo. Si mingi, na ule ulio mzito kuliko yote hufungwa baada ya miezi 6.

Kazi ya kwanza ni kuisoma barua, na kuisoma kama karani, si kama mfiwa. Mtaani maneno yote ni “kafukuzwa”, lakini kwenye karatasi kila neno lina uzito wake. Februari 2017, tuhuma za dawa za kulevya zilipowagusa polisi, Inspekta Jenerali wa wakati huo, Ernest Mangu, aliwasimamisha kazi askari 12. Vijiweni ilisemwa wamefukuzwa. Kusimamishwa ni kuwekwa pembeni uchunguzi ufanyike, na anayesimamishwa bado ana kazi ya kuitetea. Kijana wa kujitolea JKT huwa amesitishiwa mkataba. Askari wa JWTZ aliyeajiriwa yuko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, ambayo katika orodha yake ya adhabu inatenganisha kufukuzwa na kufukuzwa kwa fedheha. Hiyo ya pili imewekwa juu ya kifungo cha chini ya miaka 2, yaani sheria yenyewe inaona ni afadhali mtu afungwe mwaka mmoja kuliko kutolewa kwa fedheha. Adhabu hizo hutolewa na mahakama ya kijeshi baada ya kesi. Kuna pia kuachishwa kwa uamuzi wa kiutawala tu, bila kesi wala hukumu.

Tofauti hii ndiyo inayopotea kwanza nyumbani, na kupotea kwake kuna gharama. Kukutwa na bangi ni jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Lakini kijana ambaye hakukabidhiwa polisi, hakushtakiwa mahakamani na hakutiwa hatiani hana rekodi ya jinai, hata kama alitolewa kambini mchana kweupe mbele ya gwaride. Akiomba polisi hati ya tabia njema, ile inayochukuliwa kwa alama za vidole, kinachotafutwa ni hukumu, si maneno ya majirani. Wapo vijana waliokaa miaka mitatu bila kuomba kazi yoyote kwa kudhani jina lao “lipo kwenye kompyuta”. Halipo. Aliyetiwa hatiani, kwa upande wake, asijidanganye wala asidanganye kwenye fomu. Uongo ukigundulika kazini humwondoa mtu upesi kuliko bangi yenyewe.

Basi, baada ya kusoma barua, aende wapi?

Wengi hukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa sababu ndiko alikokwenda mjomba alipoachishwa kazi kiwandani. Ni safari ya bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 2, inawaweka kando watumishi wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Msuluhishi hana mamlaka juu yao, na atakachofanya ni kulirudisha lalamiko. Ubaya wake si nauli peke yake: wiki zilizotumika kusubiri pale huwa zimetolewa katika ile miezi 6.

Njia ya kwanza halali ni ngazi za jeshi lenyewe. Lalamiko huandikwa kwa mkuu wa kikosi, na asiporidhika mlalamikaji hupanda kwa wakubwa zaidi, kila hatua kwa maandishi, kila barua ikiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mtu aliyezoea kupiga saluti na kunyamaza huona kuandika barua kwa afande ni utovu mwingine wa nidhamu. Sivyo. Mahakama baadaye itauliza: je, ulizimaliza njia za ndani kabla ya kuja hapa? Asiye na barua yenye muhuri hana jibu.

Na barua nyingi huharibika kwenye aya ya kwanza. Kijana anaandika: “Naomba mnisamehe kwani shetani alinipitia.” Afande amemsoma shetani huyo mara mia. Barua yenye maana inaandikwa hivi: “Tarehe 3 Mei nikiwa zamu ya lindo nilikutwa na misokoto miwili ya bangi. Nilikiri siku hiyohiyo. Niliondolewa tarehe 9 Mei bila kuelezwa shtaka kwa maandishi na bila kusikilizwa. Tangu Juni nahudhuria kliniki kila wiki, na nakala ya kadi nimeiambatisha. Naomba uamuzi upitiwe upya.” Tarehe, tukio, kasoro, hatua, ombi. Kurasa mbili zinatosha. Anayejua kwamba kurudi kambini ni ndoto anaweza kuomba kidogo zaidi, na mara nyingi kidogo hicho ndicho kinachopatikana: apewe maandishi yanayoonyesha muda aliotumikia na mafunzo aliyomaliza, au maneno ya barua yarekebishwe yalingane na kilichotokea. Kijana aliyetoroka kambini kwa siku mbili na kukutwa na harufu ya bangi si mfanyabiashara ya dawa za kulevya. Kama barua inasema “kujihusisha na biashara”, neno hilo moja linastahili kupiganiwa kuliko tranka zima.

Ngazi za ndani zikikwama, inabaki Mahakama Kuu. Mbeya ina kanda yake na Iringa ina yake, hivyo hakuna haja ya kupanda basi la Dar es Salaam. Kinachoombwa huko kinaitwa mapitio ya mahakama. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2014 zinazosimamia mashauri hayo, mwombaji huanza kwa kuomba kibali, na kibali hicho huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi unaolalamikiwa. Kikitolewa, ana siku 14 kufungua ombi lenyewe. Upande wa pili atakuwapo Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mawakili wa Serikali watauliza tarehe kabla ya kuuliza kuhusu bangi.

Hapa ndipo familia nyingi huelewa vibaya. Jaji haketi kuamua kama kijana alivuta au hakuvuta. Anatazama kama aliyemwondoa alikuwa na mamlaka hayo, kama alifuata taratibu, na kama kijana alisikilizwa. Haki ya kusikilizwa imo katika ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyotoka hukuhuku Mbeya na inayotajwa na mawakili kila siku kwa jina la Mbeya-Rukwa Autoparts, ilishasema kwamba haki hiyo si kanuni ya kimapokeo tu bali ni haki ya kikatiba. Kesi yenyewe haikuwa na uhusiano wowote na jeshi, lakini wakili wa kijana aliyeondolewa bila kusikilizwa ataanzia hapo. Aliyesomewa shtaka, akakiri, akapewa nafasi ya kujieleza, kisha akaondolewa na mwenye mamlaka, ana hoja nyembamba sana, na wakili mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea hata shilingi. Tena, hata akishinda, mahakama inaweza kuutengua uamuzi na mambo yakarudi kwa wakubwa walewale ili wayafanye upya, safari hii kwa utaratibu. Ushindi wa namna hiyo huwashangaza wazazi waliokwisha kuchinja jogoo.

Wakili ni ghali, lakini si kila hatua inamhitaji. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani. Hawa hawasimami mahakamani, ila wanaweza kumsaidia mtu kupanga nyaraka na kuandika lalamiko lisilo na shetani ndani yake. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anajua walipo. Iringa mjini kuna vyuo vikuu viwili vinavyofundisha sheria, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na si vibaya kuuliza hapo nani anatoa msaada. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko bila malipo. Nguvu yake ni kuchunguza na kupendekeza, na barua yake mezani kwa mkubwa huwa na sauti ambayo barua ya mzazi haina.

Kuhusu kipimo cha mkojo, hapa panahitaji utulivu, kwa sababu ndipo haki na ujanja vinapokutana. Kile kijiti cha haraka kinachotoa jibu ndani ya dakika chache ni kipimo cha kuchuja. Kinaweza kukosea. Baadhi ya vijiti hivyo vimewahi kuonyesha bangi kwa watu wanaomeza efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya Ukimwi iliyotumika nchini kwa miaka mingi kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake. Katika mikoa kama Iringa na Mbeya, ambako maambukizi yamekuwa juu ya wastani wa taifa kwa muda mrefu, hilo si jambo la vitabuni. Jibu la kijiti linapaswa kuthibitishwa kwa kipimo cha maabara, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya. Aliyetolewa kwa sababu ya kipimo ana haki ya kuuliza: kilikuwa kijiti au maabara? Nani alichukua sampuli, saa ngapi, na iko wapi ripoti?

Jambo la pili ni muda. Masalia ya bangi hukaa mwilini siku chache kwa aliyevuta mara moja, lakini kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kuonekana kwa wiki nne au zaidi. Kuruta aliyezoea kuvuta kijiweni Mwanjelwa, Mbeya, hadi siku moja kabla ya kuripoti anaweza kukutwa nayo mkojoni akiwa na wiki nzima kambini bila kugusa msokoto. Hilo halimfanyi kuwa malaika, ila linabadilisha shtaka: kutumia bangi uraiani na kutumia bangi kambini si kosa moja. Kinyume chake, kijana anayekwenda kupima miezi miwili baadaye na kurudi akipeperusha karatasi ya “hana” hajathibitisha lolote kuhusu siku ile. Amethibitisha kuhusu leo, na karatasi hiyo ina kazi yake mahali pengine, kwenye kliniki.

Kwa maana kuna upande wa afya ambao familia huukwepa kwa kuwa unauma kuliko wa sheria. Baba anayeshinda kilabuni na ulanzi wake humwita mwanawe mlevi, na mwana naye humjibu kwa ukimya. Katikati ya hasira hiyo hakuna anayeuliza kama kijana anaweza kuacha. Aliyekuwa akitumia heroini, ambayo mtaani ni unga, ana tiba inayojulikana: methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011 na kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya mwaka 2017. Mgonjwa hufika kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Bangi haina methadoni yake, na anayemwahidi mzazi sindano ya kuondoa bangi mwilini anauza maji. Tiba ya mvutaji wa bangi ni ushauri wa kitaalamu na ufuatiliaji, na kwa wale waliofikia kusikia sauti au kuona watu wasiopo, daktari wa afya ya akili. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina ofisi ya kanda Mbeya, na simu yake ya bure ni 119. Namba hiyo imezoeleka kwa kutoa taarifa za wauzaji, ila hata mzazi anayetafuta pa kumpeleka mtoto anaweza kuipiga.

Kumbukumbu za kliniki ndizo ushahidi bora alionao aliyekosea kweli. Cheti kinachosema “amepona kabisa”, kilichoandikwa siku moja, hakimshawishi mtu. Kadi iliyochakaa pembeni, yenye mihuri 14 ya tarehe tofauti na majibu ya vipimo vya kushtukiza, inashawishi. Ianze mapema, kabla ya rufaa kujibiwa, isije ikaonekana imetengenezwa kwa ajili ya rufaa.

Je, kuna aliyewahi kurudi? Wapo, ingawa si kwa bangi. Aprili 2021 aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa kwa vijana 854 wa JKT baada ya mgomo wa kudai ajira. Ilionekana habari imekwisha. Mwaka uliofuata waliitwa warudi, kwa msamaha wa Amiri Jeshi Mkuu, Rais Samia Suluhu Hassan. Kisa hicho kimezaa matumaini mengi, mengine ya haki na mengine ya kupotosha. Msamaha ule ulikuwa wa kundi, kwa kosa la kugoma, na ulitoka juu bila fomu ya kujaza. Haumpi mvuta bangi mmoja mmoja haki ya kudai. Kinachoonekana wazi ni kwamba mlango wa huruma upo na aliyeushika ni mmoja, na kwamba waliorudi waliitwa kwa tangazo la hadharani. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa na mtu aliyekutana naye nyuma ya stendi ya Nane Nane, Mbeya.

Maana huyo wa nyuma ya stendi hakosekani. Ana simu mbili, anajua majina ya makamanda, na husema “faili lako liko mezani, linasubiri kusukumwa”. Anaanza na shilingi 200,000 za “kufungua faili”, kisha 500,000 za “mzee wa Dodoma”. Jeshi limekuwa likionya mara kwa mara kuhusu matapeli wa nafasi za ajira, na aliyefukuzwa ni windo rahisi kuliko anayetafuta nafasi kwa mara ya kwanza, kwa sababu anaona aibu kwenda polisi. Kuwasilisha lalamiko jeshini hakulipiwi. Risiti ya pekee inayopaswa kuwapo kwenye faili la kijana ni ya mahakama au ya wakili.

Aibu hiyohiyo huwafanya wengine kubaki na kombati. Ni kumbukumbu, wanasema, au ni ya kulimia shambani. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi kuyasalimisha, na kuvaa au kuwa nayo bila ruhusa ni kosa. Kijana anayeandika rufaa ya nidhamu huku akipigwa picha na kofia ya jeshi Soweto, Mbeya, anajichimbia. Vifaa vyote virudishwe, na karatasi ya kuvirudisha itunzwe pamoja na barua.

Familia zenye kijana katika jeshi la Marekani ziko katika hadithi nyingine kabisa, na ushauri wa hapa usichanganywe na wa kule. Jeshi la Marekani liliwahi kuandikisha wahamiaji wenye lugha lilizozihitaji, Kiswahili kikiwamo, chini ya mpango wa MAVNI ulioanza miaka ya 2008 na 2009, na Watanzania na Wakenya wameendelea kujiunga kwa njia za kawaida. Kule kuondoka jeshini kuna madaraja: la heshima, la jumla, lisilo la heshima kamili, na mengine mabaya zaidi yanayotolewa na mahakama ya kijeshi. Bodi ya kuyapitia ipo. Aliyeondolewa ana miaka 15 ya kuomba kwa fomu ya DD 293, bila ada. Baada ya hapo kuna bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu, kwa fomu ya DD 149. Tangu mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, na mwingine wa mwaka 2017, bodi hizo zimeagizwa kumtazama kwa jicho la huruma zaidi askari ambaye utovu wake, pamoja na wa dawa za kulevya, ulitokana na kiwewe cha vita au jeraha la kichwa. Kwa mhamiaji kuna hatari moja zaidi: aliyepata uraia kupitia utumishi wa jeshi anaweza kunyang’anywa akiondolewa kwa daraja baya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Na bangi iliyohalalishwa katika jimbo anamoishi bado ni marufuku kwa mwanajeshi. Kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, shangazi anayemshauri mpwa wake kwa simu “rudi tu nyumbani” aulize kwanza ana pasipoti gani.

Turudi Nyanda za Juu. Kuna umri pia, ambao rufaa haiusimamishi. Matangazo ya kuandikisha askari huweka ukomo, kwa wahitimu wa sekondari ukiwa katikati ya miaka ya ishirini, na hutaka mtu mwenye mwenendo mzuri. Kijana wa miaka 22 anayepigania barua kwa miaka mitatu anaweza kushinda akiwa amekwisha kuvuka umri wa kuandikishwa upya. Ndiyo maana washauri wenye busara humsukuma afanye mawili kwa pamoja: ombi liendelee, na yeye aendelee. VETA ipo Mbeya na ipo Iringa, na fundi wa umeme wa magari Mafinga hapungukiwi malori ya mbao. Kampuni binafsi za ulinzi huuliza cheti cha mafunzo ya JKT au mgambo. Asiye nacho anaweza kupitia mafunzo ya mgambo wilayani kwake, mradi aulizwapo kuhusu kambini aseme ukweli kwa sentensi mbili na asiongeze ya tatu.

Jioni ile ya kwanza, tranka likiwa bado sebuleni, baba hutaka barua ichomwe ili majirani wasiione. Isichomwe. Asubuhi ipelekwe kwa mwenye mashine ya fotokopi, zitolewe nakala tatu: moja ya ngazi za jeshi, moja ya wakili au msaidizi wa kisheria, moja ya kliniki. Ile halisi irudi kwenye tranka, juu ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Kisha mtu mmoja, na mara nyingi huwa mama, asome tarehe iliyo juu ya barua, ahesabu miezi 6 kwa vidole, na aizungushie wino mwekundu kwenye kalenda ya kanisa iliyoko ukutani. Kama uamuzi ni wa tarehe 9 Mei, duara linaangukia tarehe 9 Novemba, mvua za kwanza zikikaribia na watu wakianza kuandaa mashamba.